Mchezo Wenye Watu Wanaozeeka

Jumatatu, 4 Machi

Kitindamimba wetu ameleta mizani na daftari. Amri ya daktari: mama yake apimwe uzito kila asubuhi kabla ya chai, na mimi niandike. Moyo umechoka kusukuma, maji yanabaki mwilini, na mizani ndiyo itakayojua mapema kabla miguu haijavimba. Nimeandika. Uzito umechukua nusu mstari. Sasa ukurasa uliobaki nani ataujaza? Shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, lakini ukurasa mtupu unaniwasha mikono hii ya mwashi kama ukuta usiopigwa lipu. Basi nitatia na maneno mengine. Atakayesoma bila ruhusa aote chokea macho yote mawili.

Mvua bado. Anga limenuna tu.

Jumanne, 5 Machi

Uzito: uleule. Amekula nusu yai. Nusu nyingine nimekula mimi kwa niaba yake.

Alhamisi, 7 Machi

Uzito: uleule.

Leo kumekuwa na ubishi, nao ni wa mchezo wa kompyuta. Nikisema hivyo watu watadhani tuna watoto wadogo ndani. Hatuna. Mchezaji ni mke wangu, Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa alikuwa nesi. Amesimama wodini mpaka akastaafu, na sasa hiyo miguu haimfikishi getini. Alipoanza kulala mchana, kitindamimba alimletea kompyuta yake ya zamani na kumwekea mchezo unaitwa Makazi. Ndani yake unaumba watu, unawapa nyumba, unawaambia wale, waoge, waende kazini, walale. Usipowaambia wanafanya nusunusu au hawafanyi kabisa. Ni kazi ileile aliyoifanya wodini, ila hawa hawatapiki.

Ametuumba na sisi. Kuna Bi Mkubwa wa Humo na kuna Mimi wa Humo. Mimi wa Humo ana nywele. Anafagia. Anaongea lugha isiyojulikana, kama mlevi anayebembeleza mtoto. Bi Mkubwa wa Humo anatembea, anapanda maua, na jioni anacheza muziki uani peke yake huku mikono kaitupa juu.

"Angalia unavyofagia, mume wangu," huniambia. "Kumbe unaweza."

"Huyo si mimi. Huyo ana mgongo."

Sasa leo kitindamimba kaja na habari kwamba Makazi ya pili yametoka. Mama yake akainuka kwenye mito kama kapewa barua ya mchumba. Nikauliza swali la haki kabisa: huu wa kwanza umeisha?

"Hauishi, baba."

"Kama hauishi, wa pili wa nini? Mtu anatupa sufuria isiyotoboka?"

"Kuna vitu vipya."

"Mimi nimekuwa mpya tangu lini? Na bado mama yako ananitumia."

Bi Mkubwa kacheka mpaka pumzi ikamkatika, tukamkalisha wima, tukangoja. Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Akasema polepole, "Nenda dukani ukautazame, fundi. Ukisema unafaa, tununue. Ukisema haufai, nitaacha." Kanipa mimi uamuzi! Mimi ambaye rimoti tu hunishinda.

Jumapili, 10 Machi

Uzito: uleule. Mvua imeanza. Bati linavuja palepale pa kila mwaka, nami nimetega ndoo ileile.

Jumatano, 13 Machi

Uzito: umepanda kidogo. Amesema ni maji ya chai. Mimi nimekubali, yeye mwenyewe hakukubali.

Nimekwenda dukani. Mwenye duka tunamwita Miwani kwa sababu anazo, na nene kama vitako vya chupa.

"Shikamoo mzee. Unamtafutia mjukuu?"

"Marahaba. Mjukuu gani? Namtafutia mke."

Akatabasamu kwa woga, kama mtu aliyeambiwa siri ya chumbani. Nikamwambia nataka kujua Makazi ya pili yana nini ambacho ya kwanza hayana. Akaanza kuhesabu kwa vidole: nyumba za ghorofa, mvua inayolowesha kweli, watu wanakumbuka na wanashika kinyongo.

"Kinyongo ninacho nyumbani cha bure. Kingine?"

"Wanazeeka."

"Wanazeeka vipi?"

"Wanaota mvi, mzee. Wanaanza kutembea polepole. Halafu wanakufa. Kwenye ule wa kwanza hawafi, ndiyo maana watu walilalamika sana."

"Kina nani waliolalamika?"

"Wachezaji. Vijana."

"Nilijua. Kijana ndiye anaweza kwenda dukani kununua kifo. Sisi wengine tunagawiwa."

Akanionyesha kwenye mashine yake. Kulikuwa na mzee wa Humo, kavaa sweta la njano, anamwagilia bustani. Akaweka ndoo chini. Akakaa. Akalala palepale kwenye majani, taratibu, kama mtu anayejaribu godoro. Majirani wakaja wakafunika nyuso. Wakaondoka. Akabaki bibi mmoja jikoni, ameshika sahani yenye chakula, anageuka huku, anageuka kule, hajui pa kuiweka.

"Huyu ukimwacha hivi hali," Miwani akasema. "Lazima umwambie ale."

"Mpaka lini?"

"Mpaka azoee."

Nikamuuliza kama watu wetu wa mchezo wa kwanza wanaweza kuhamia humo. Akasema hawahami, unaanza upya kila kitu. Nikamshukuru, nikasahau mwavuli wangu pale, nikarudi nimelowa.

"Enhe?" Bi Mkubwa akauliza.

"Mbovu. Unakwamakwama. Watu wanapita kwenye kuta."

"Kwenye kuta?"

"Kama mizimu."

Akaniangalia vile alivyokuwa akiwaangalia wagonjwa wanaosema wamemeza kidonge kumbe wamekitema chini ya mto. "Haya, fundi," akasema. "Wewe ndiye unayejua kuta."

Jumamosi, 16 Machi

Uzito: umepanda. Mvua.

Jumapili, 17 Machi

Uzito: umepanda. Mvua. Hajaomba kompyuta.

Jumatano, 20 Machi

Amelazwa. Usiku alilala ameketi, asubuhi midomo imebadilika rangi. Kitindamimba alikuja na gari la ofisini kwao, tukambeba kwenye kiti, yeye mwenyewe akituelekeza: wewe shika hapa, wewe usinivute hapo, tangulizeni miguu, aa, maiti ndiye hutangulizwa miguu, tangulizeni kichwa. Tukazunguka.

Wodini kumbe nusu ya manesi aliwafundisha yeye. Wamesimama kitandani kwake kama siku ya ukaguzi. Mmoja alipokosa mshipa mara mbili, Bi Mkubwa akamwambia, "Usiuogope, mwanangu. Mshipa ni kama mume, ukiuwahi unatulia, ukisitasita unakukimbia." Wodi nzima ikacheka, na mimi nikatazamwa.

Daktari nilimkuta ukumbini. Ni mpole, mdogo kuliko kitindamimba. Nikamuuliza kwa Kiswahili cha moja kwa moja: mvua hizi atazimaliza? Akaangalia viatu vyangu. Vilikuwa na matope. Akaviangalia muda mrefu sana kwa viatu vya aina ile.

Ijumaa, 22 Machi

Uzito wanapima wao huko. Nyumba kimya. Nimekula mkate.

Jumapili, 24 Machi

Mkate.

Leo nimefanya jambo. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake, kompyuta imenikodolea, nikasema ngoja nimthibitishie kwamba ule wa kwanza unatosha. Nimemwona akiuwasha mara nyingi, nikauwasha. Wakajitokeza wote wawili, wazima. Bi Mkubwa wa Humo akaenda zake uani kucheza muziki. Nilimtazama. Sitaandika nilimtazama kwa muda gani.

Halafu jicho langu la kazi likaniharibia. Nyumba yenyewe haijagawanywa! Ukumbi mmoja kama stesheni, kitanda kiko ubavuni mwa jiko, mtu analala na harufu ya vitunguu. Mimi nimejengea watu nyumba maisha yangu yote, mke wangu analala jikoni? Nikaona pale chini kuna alama ya ukuta. Nikaibofya. Ukitaka ukuta unavuta tu, unanyooka wenyewe, hauhitaji uzi wala timazi. Nimekasirika kidogo kwa urahisi huo, nikawa nimefurahi. Nikamjengea chumba. Kuta nne, dirisha la kuelekea maua, rangi ya bluu anayoipenda. Nikamwambia aende akalale kabla sijafunga ukuta wa mwisho, ili akiamka akute. Nilitaka akirudi kutoka hospitali, yule wa kweli, nimwambie ona, unadai vipya, vipya si hivi?

Nikaacha inaendelea, nikaenda kumtazama wodini. Amelala. Nilimshika mkono, nikarudi.

Nakuta Bi Mkubwa wa Humo amesimama katikati ya chumba cha bluu, ameinua mikono vilevile kama wakati wa muziki, ila analia. Juu ya kichwa chake alama nyekundu, za njaa, za uchovu, sijui za nini. Mimi wa Humo yuko nje ya ukuta, anafagia.

Sikuweka mlango.

Mimi. Fundi mwashi. Nyumba zote zile, na mitaro, na ukuta wa shule. Nimesahau mlango.

Nilitafuta alama ya mlango sikuiona, nilibofya kila kitu, nikapata meza tatu na mti. Kuizima siwezi kwa sababu naweza kuizima vibaya wakafutika wote. Nikafunika kioo kwa kanga yake. Bado sauti inasikika.

Jumatatu, 25 Machi

Bado analia. Hafi. Nimefunga mlango wa chumba chetu, nimelala sebuleni.

Jumatano, 27 Machi

Wamemruhusu. Maji yamepungua, wamempa vidonge zaidi na mashine ndogo ya hewa yenye mpira wa puani. Nilijiandaa njia nzima nimwambie nini. Kafika kitandani, kafunua kanga.

"Nani kajenga hiki chumba?"

"Kizuri?"

"Kimenyooka."

"Asante."

"Mlango uko wapi?"

Nikajifanya natazama ndoo ya pale panapovuja.

"Yuko humo tangu lini, fundi?"

"Tangu Jumapili."

"Na hujamwambia mtoto aje amtoe."

"Niliona aibu."

Nilingoja kicheko. Angekuwa na haki ya kunicheka mpaka mwakani. Hakucheka. Alikuwa anamtazama yule mwanamke wa ndani ya bluu, mpira wa hewa puani, uso umetulia kabisa, uso wa kazini.

"Na hafi," akasema.

"Hafi. Ndiyo uzuri wake."

"Hana chakula, hana maji, hana mtu, na hafi. Huo ni uzuri?" Akapumua mara kadhaa. Siku hizi kila sentensi anailipia. "Nimewaona hawa wodini. Ndugu zao wanalia, daktari fanya hivi, fanya vile, msimwache. Wanamjengea chumba kizuri. Yeye yuko katikati, amechoka, hakuna anayemwonyesha pa kutokea."

Nikasema, "Dirisha nimemwekea."

Hapo ndipo alipocheka. Kidogo. Akanipapasa mkono.

"Ule mchezo wa pili haupitishi watu kwenye kuta, si ndiyo?"

"Haupitishi."

"Wanazeeka."

"Nani kakwambia?"

"Kitindamimba. Siku ileile ya kwanza. Ndiyo maana ninautaka."

Nikawaka. Niliandika huko nyuma kwamba sisi tunagawiwa kifo bure, nikamwambia hilohilo, na mengine mabaya zaidi. Nikamwambia humu anacheza muziki, anapanda maua, anatembea, anataka nini zaidi? Anataka kujiona anakufa mara mbili?

"Sitaki kujiona mimi," akasema. "Mimi najua kufa, nimewashika mikono wengi. Nataka kukuona wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Hujui kukaanga yai, baba watoto. Umekula mkate tangu nilipoondoka, makombo yako hata kwenye mto wangu. Nataka nione utakavyokaa. Basi."

Kisha akabofya mara moja, mara moja tu, mlango ukatokea ukutani. Bi Mkubwa wa Humo akatoka, akampita Mimi wa Humo bila hata kumtupia jicho, akaenda jikoni.

"Hata mimi nisingekusalimia," mke wangu akasema.

Alhamisi, 28 Machi

Uzito: afadhali. Mvua kubwa. Sijaamua.

Jumamosi, 30 Machi

Uzito: umepanda. Kitindamimba kanivuta jikoni tukanong'onezana kama wezi. Ajabu, sasa yeye ndiye hataki.

"Baba, nilikosea kumtajia. Mchezo ule ni mrefu. Ukiuanza ni miezi ndiyo unauelewa. Kwa hali ile..."

"Kwa hali ile nini?"

"Ataanza kitu asichokimaliza. Si vizuri. Tumwache na huu alioujua."

Juzi ningempigia makofi, maana ndiyo hoja yangu. Lakini nimeisikia kinywani mwa mwingine, nikaiona ilivyo. Ni ukuta. Umenyooka vizuri, una rangi ya bluu.

"Mama," nilimwambia, maana yeye ana jina la bibi yake mzaa baba, na nikimwita hivyo huwa simtanii. "Kupima uzito wa mama yako ni kazi yangu. Kumpimia muda si kazi ya yeyote humu ndani."

Akalia kwenye kitambaa cha vyombo. Nikamwambia asilie humo, nakifutia sahani.

Jumanne, 2 Aprili

Uzito: umepanda.

Nimeununua. Miwani alikuwa kanihifadhia mwavuli.

"Umeamua, mzee?"

"Nipe ule wenye kifo."

Wateja wawili wakageuka. Miwani akaja mwenyewe mpaka nyumbani kuuingiza, akavua viatu, akamwamkia Bi Mkubwa kwa heshima zote. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo mchana kutwa, mvua ikipiga bati, umeme ukatishia mara mbili. Bi Mkubwa aliutazama ule mstari kama anasubiri mtu azaliwe.

Jumatano, 3 Aprili

Uzito: uleule. Siku nzuri.

Tumeumbwa upya. Mimi wa Humo safari hii ana upara. Nililalamika. "Nywele zako zimebaki mchezo wa kwanza," kanijibu. Mchezo ukauliza tuanzie umri gani: mtoto, kijana, mtu mzima, mzee. Akabofya mzee, wote wawili, bila kufikiri.

"Ujana je?" nikauliza.

"Tumeshaucheza."

Nyumba kaniachia nijenge mimi. Nimeweka milango. Nimeweka mpaka akanishika mkono: "Fundi, choo kina milango mitatu."

Jumamosi, 6 Aprili

Uzito: umepanda. Kule Humo tumezoeana. Tunakaa uani, tunalowana na mvua yao. Wanasalimiana kila wanapopishana. Sijui nani kawafundisha.

Jumatatu, 8 Aprili

Uzito: umepanda.

Jumanne, 9 Aprili

Uzito: umepanda. Miguu imejaa hadi magotini.

Leo saa nne asubuhi Bi Mkubwa wa Humo kakaa kwenye kiti cha bustani na hakuinuka. Nilikuwa namenya chungwa. Mke wangu akasema, "Tazama," nikatazama. Kichwa kikaegemea bega. Majirani wakaja, wakafunika nyuso, wakaondoka, kama dukani.

"Vizuri," Bi Mkubwa akasema. "Hakuumia."

Nikainuka niende kumwaga ndoo. Haikuwa imejaa.

"Kaa."

"Ndoo..."

"Kaa, mume wangu. Shika kipanya."

Mimi wa Humo yuko jikoni. Ameshika sahani. Anageuka huku, anageuka kule, upara unang'aa kwenye taa. Jamani. Nimezika baba, nimezika mama, nimefunika watu waliodondoka kwenye jukwaa la ujenzi, lakini kale kazee kenye sahani kalinishinda. Nilisema siwezi.

"Mwambie ale."

Nikabofya. Akatikisa kichwa.

"Hataki."

"Mwambie tena. Mgonjwa akikataa mara moja tunamwacha? Mwambie tena."

Nikabofya tena. Akaweka sahani sakafuni, akaenda kusimama mlangoni. Tena. Akarudi, akawasha jiko, akaunguza, moshi ukajaa. Tena. Bi Mkubwa alikuwa hasemi neno jingine, tena, tena, na kila tena moja ilimgharimu pumzi. Mwisho akala. Kidogo, amesimama, ameupa mgongo ukuta.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Haya, twende jikoni."

Yeye hakwenda popote. Nilikwenda mimi, yeye akaniongoza kwa sauti kutoka kitandani, sauti yenyewe nusu imebaki kwenye mpira. Mafuta kwanza! Moto mdogo! Usilivunje kwa hasira, halijakutukana! Yai la kwanza likawa mkaa. La pili nililila pamoja na maganda yake. La tatu nikampelekea. Akaonja kwa ncha ya kijiko, akafumba macho.

"Chumvi?"

"Nimesahau."

"Kama mlango."

Ijumaa, 12 Aprili

Uzito: umepanda. Mayai. Nimeweka chumvi mara mbili.

Jumapili, 14 Aprili

Uzito: umepanda. Nimepika supu ya viazi kwa amri. Kitindamimba kaonja, akaniangalia kama nimeota pembe. Mimi wa Humo siku hizi anakula akiambiwa mara moja.

Jumanne, 16 Aprili

Uzito: uleule, lakini hakusimama vizuri kwenye mizani, nilimshika kiunoni, kwa hiyo kuna uzito wangu humo.

Alhamisi, 18 Aprili

Hakuweza kusimama. Nafasi ya uzito nimeiacha wazi.

Kaniomba nimshikie kipanya, akiniambia nibofye wapi. Tumemtuma Mimi wa Humo kwa jirani. Ameketi, ameongea ile lugha ya kilevi. "Mtume kila siku," kasema. "Hata asipotaka." Nimesema nitamtuma. "Sikumaanisha wa humo," akasema. Nimesema najua.

Jumapili, 21 Aprili

Amefariki asubuhi hii. Mvua ilikuwa inanyesha. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga yai lake, yeye akiniambia moto mdogo, kisha akanyamaza, nikadhani ameridhika na moto. Nikaenda nalo. Nikasimama pale na sahani. Kitanda upande huu, meza upande ule. Sikujua pa kuiweka.

Jumamosi, 27 Aprili

Tumezika. Manesi walikuja na sare zao. Mkate.

Alhamisi, 2 Mei

Mkate.

Jumatatu, 6 Mei

Kitindamimba kaja akakuta mkate. Aliweka trei ya mayai mezani kwa kishindo, jinsi mama yake angefanya.

Jumapili, 12 Mei

Mvua zimeisha. Nimepanda juu ya bati nimeliziba lile tundu ambalo miaka yote nilikuwa nasema mwakani.

Miwani kapita kunisalimia. Kakaa pale ukingoni mwa kiti, miwani imemteleza. Mwisho akauliza wanachouliza wateja wote: mzee, ule wa pili una faida, au watu wakae na wa kwanza? Wanamuuliza sana, na yeye hana mke wa kumwambia.

Nikamwambia inategemea. Wa kwanza ni mzuri zaidi. Kuna muziki uani, maua hayanyauki, nywele zote zipo kichwani. Anayetaka kufurahi anunue huo. "Wa pili waambie ni mgumu," nikasema. "Unamzoea mtu halafu anakaa kwenye kiti haamki, na unabaki na mzee mbishi asiyejua kujipikia. Waambie wanunue wakiwa wawili."

Akaandika mahali kwenye simu yake. Sijui aliandika nini.

Alipoondoka nikaiwasha kompyuta. Tangu siku ile sikuigusa. Mimi wa Humo alikuwa amesimama jikoni, ameshatoka kwa jirani. Nikashika kipanya, nikamtafutia ile alama ya kula. Kabla sijabofya, akaenda mwenyewe kwenye friji. Akatoa sahani, akaivuta mezani, akavuta na kiti. Akakaa.

Nikamwacha ale kwa raha zake. Nikaenda jikoni kwangu. Mafuta kwanza, moto mdogo.

Jumatatu, 13 Mei

Uzito: wangu. Umepungua kidogo tangu Machi. Yai zima. Chumvi imezidi.